Anemoni aje mwisho

Anayetaka kuweka tangi la maji ya bahari sebuleni kwa ajili ya anemoni na samaki wake ajue jambo moja kabla hajatoa hata senti: anemoni ndiye wa mwisho kuingia. Maji na mawe yatangulie, bakteria wasioonekana washike makazi yao, samaki waje baadaye, na miezi sita au zaidi ikishapita ndipo anemoni afikiriwe. Wengi hufanya kinyume. Tangi linanunuliwa Ijumaa, Jumamosi samaki na anemoni wamo ndani na watoto wanapiga picha. Wiki haijaisha anemoni amenywea, mdomo umeachama, na kabla mwenye nyumba hajajua la kufanya mwili umeanza kuyeyuka na kuyachafua maji kiasi cha kuwaua na samaki. Si kwamba ni kiumbe dhaifu. Mwambani anastahimili jua, mkondo na mawimbi miaka nenda miaka rudi. Asichostahimili ni maji yanayobadilika kila siku, na maji ya tangi jipya hubadilika kila siku.

Kwa macho anafanana na ua, lakini ni mnyama. Ana mguu mmoja mpana wa kujishikiza kwenye jiwe, mdomo katikati, na minyiri iliyouzunguka. Minyiri hiyo imejaa chembe ndogo zenye vijishale vya sumu vinavyofyatuka samaki au kamba akigusa. Ndani ya nyama yake unaishi mwani wa chembe moja, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Duniani zipo zaidi ya aina 1,000 za anemoni, ila wanaowapokea samaki wa anemoni, wale wanaoishi katikati ya minyiri bila kudhurika, ni aina 10 hivi tu. Samaki wenyewe ni aina 30 hivi, wote wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwanasayansi wa Kiingereza, Cuthbert Collingwood, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika habari za ushirika huo, mwaka 1868, baada ya kuwaona karibu na Borneo.

Hapa kwetu hakuna haja ya kwenda Borneo. Katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, maji yakiwa safi, mpiga mbizi mwenye miwani tu huwaona. Mmoja ni Amphiprion allardi, mwenye mwili wa kahawia iliyokolea, mapezi ya manjano na mikanda miwili myeupe. Mwingine ni Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye mstari mweupe uliopita mgongoni kama uzi. Yule ambaye watoto wanamwita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003 ni Amphiprion ocellaris, na kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia. Si samaki wa pwani hii, na nitaeleza mbele kwa nini hilo lina uzito.

Kinachowavutia watu, na kilichonivutia mimi, ni namna samaki anavyoingia kwa anemoni asiyemzoea. Haji moja kwa moja. Anapita kando, anagusa ncha ya mnyiri mmoja kwa mkia, anaruka nyuma. Anarudi, mara hii kwa tumbo. Mnyiri unamnata, anajinasua kwa kujipinda ghafla, anazunguka jiwe kana kwamba ameghairi, kisha huyo tena. Mchezo huo huchukua dakika, wakati mwingine saa kadhaa, wakati mwingine siku. Mwishowe anajitosa mzima, minyiri inamfunika, na hakuna kinachofyatuka. Siri iko kwenye ute wa ngozi yake. Tafiti za karibuni zinaonyesha kwamba ute huo una kiasi kidogo mno cha asidi ya sialiki, kemikali inayozichokoza chembe za sumu.

Naye samaki hulipa kodi. Humfukuza kipepeo, yule samaki bapa wa mwambani anayependa kudonoa minyiri. Uchafu wake ni mbolea ya mwani ulio ndani ya anemoni. Usiku anajigeuzageuza katikati ya minyiri na kuyasukuma maji, hivyo hewa inafika mahali ambapo ingedumaa.

Ukoo wao una utaratibu ambao mnunuzi lazima aujue, maana unaamua anunue samaki wangapi. Wote huanza maisha wakiwa madume. Katika kila anemoni, samaki aliye mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata kwa ukubwa ndiye mumewe, na wadogo waliobaki hawazai. Jike akifa, mume anageuka kuwa jike, na mkubwa katika wale wadogo anapanda kushika nafasi ya dume. Wajerumani Hans na Simone Fricke walilichapisha hilo katika jarida la Nature mwaka 1977. Kwa mfugaji maana yake ni nyepesi: nunua wawili wadogo waliozidiana kidogo kwa ukubwa, watajipangia wenyewe. Ukichukua watano ili tangi lipendeze, wawili watawaandama watatu hadi wafe, kwa sababu ndani ya kioo hakuna pa kukimbilia.

Sasa tangi lenyewe. Dogo linadanganya kwa bei. Maji yakiwa machache, kosa la kijiko kimoja cha chakula huonekana siku hiyohiyo. Yakiwa mengi, kosa hilo hupungua makali. Kwa anemoni nisingeshuka chini ya lita 200. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 linabeba lita 300, na fundi vioo mzuri wa mjini hulijenga kwa kioo cha milimita 12 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Jumlisha kioo, mawe, mchanga na maji, utakuta uzito umekaribia kilo 400 au umezidi. Uzito huo hauwekwi juu ya kabati la televisheni. Meza iwe ya mbao ngumu, sakafu iwe sawa, na chuma kikitumika kipakwe rangi nzito, la sivyo chumvi itakila. Nyaya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone linaloteleza kwenye waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Hilo halina mjadala: maji ya chumvi na umeme huua mtu.

Wakazi wa pwani wana neema ambayo mfugaji wa Nairobi, Dodoma au Kigali hana: bahari iko pale. Wa bara watanunua chumvi maalumu ya matangi, wachanganye takriban gramu 35 hadi 38 kwa lita moja ya maji yaliyochujwa. Chumvi ya jikoni haifai. Wa pwani wanaweza kuchota, lakini kuchota nako kuna adabu zake. Chota maji yakiwa yamejaa, yanapotoka bahari kuu, si yakiwa yanakupwa na kubeba taka za ufukweni. Kaa mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito. Wakati wa masika usichote kabisa karibu na mto. Anayejua Malindi anajua jinsi Mto Sabaki unavyoifanya bahari kuwa nyekundu kwa udongo, na Rufiji nao humwaga maji baridi mengi upande wa Mafia. Bora umpe nahodha wa ngalawa madumu safi akuletee kutoka nje ya mwamba. Madumu hayo yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta wala sabuni. Ukiyafikisha nyumbani, yachuje kwa kitambaa kizito, yaache gizani siku chache na pampu ya hewa ikizunguka, kisha pima.

Kipimo cha kwanza ni chumvi. Bahari ya wazi ina sehemu 35 hivi za chumvi kwa kila 1,000, na kwa kipimo cha uzani wa maji hiyo ni 1.026. Kifaa cha kupimia ni kile cha mkononi cha kuchungulia kwa jicho: unadondosha tone juu ya kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma mstari. Kinunue kabla hujanunua samaki. Chumvi ikishakuwa sawa, kazi ni kuizuia isipande. Maji yanapovukizwa chumvi hubaki, kwa hiyo kila siku utaongeza maji yasiyo na chumvi, kamwe si ya bahari. Tangi la lita 300 chini ya feni linaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku. Maji ya bomba yana klorini, na ya visima vingi vya pwani yana chumvi na mengine mengi. Dawa ni mtambo mdogo wa kuchuja unaoyapitisha maji kwenye utando na risini. Wapo wanaokinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi kwa kuwa yanaonekana safi. Msifanye hivyo. Maji hayo yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba, hata chembe tu, ni sumu kwa anemoni, kamba na konokono. Kwa sababu hiyohiyo dawa nyingi za kutibu magonjwa ya samaki haziruhusiwi kuingia katika tangi lenye anemoni.

Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hutumia kurasa nyingi kueleza hita. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tatizo ni kinyume. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikikaribia kwisha, chumba kilichofungwa kinafika nyuzi 32. Anemoni na samaki wake wanataka nyuzi 25 hadi 27, na joto likivuka 30 kwa siku nyingi, anemoni anaanza kuutema mwani wake na kuwa mweupe. Ni yaleyale yaliyoipata miamba yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi yakafa. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu. Tangi lisiwe karibu na dirisha la magharibi. Mwenye uwezo anunue kipoza maji, na ajue kwamba bili ya umeme itapanda.

Nimetaja umeme, na hapo ndipo matangi mengi ya kwetu yanapofia. Umeme ukikatika saa tisa usiku, pampu zinasimama na maji yanatulia. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na samaki na bakteria wa kwenye mawe wote wanaendelea kuivuta. Baada ya saa chache samaki wako juu wakihema. Tiba ni rahisi ikiandaliwa mapema: pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapokatika. Aliye na betri ya sola aiunganishe pampu ya mkondo peke yake, aziache taa. Anemoni anavumilia giza siku moja; kukosa hewa hakuvumiliki.

Mawe ndiyo moyo wa tangi, kwa kuwa bakteria wanaosafisha maji wanaishi kwenye vitundu vyake. Hapa kuna kishawishi kikubwa, na nawaomba wasomaji wangu wakishinde: usivunje jiwe mwambani. Matumbawe hai ni mali ya bahari na sheria za nchi zetu zinayalinda, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Badala yake yapo mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi, ambayo bahari iliyaacha maelfu na maelfu ya miaka iliyopita. Ndiyo yaliyojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa. Ni chokaa tupu, yamejaa matundu, na yanapatikana kwa bei ya mjenzi. Yasugue kwa brashi, yaloweke majuma kadhaa kwenye maji baridi ukiyabadilisha mara kwa mara, na uyachague yasiyo na udongo wala mafuta. Yapange yaachane, maji yapite katikati.

Kisha subira. Tupia kipande kidogo cha kamba kioze, au weka matone ya amonia safi, na uwashe pampu. Amonia itapanda. Bakteria wa kwanza wataigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu; bakteria wengine wataigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Huchukua majuma manne hadi sita. Kila siku chache unapima kwa vichupa vya rangi: amonia hupanda na kushuka, nitriti hupanda na kushuka, na siku ambayo zote mbili zinasoma sifuri huku nitrati ikionekana, tangi liko hai. Hakuna cha kutazama wakati huo isipokuwa mawe yanayogeuka kahawia, kisha kijani. Wanaoshindwa ufugaji huu wengi hushindwa katika majuma haya, kwa kukosa uvumilivu wa kutazama maji matupu.

Waanze konokono wachache wa kula mwani, halafu samaki wawili. Tafuta waliozaliwa kwenye matangi. Samaki hawa walikuwa miongoni mwa samaki wa mapambo wa baharini wa mwanzo kabisa kuzalishwa kibiashara. Martin Moe alifanikiwa kufanya hivyo huko Florida mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliozaliwa tangini hula chakula kikavu tangu utoto, hawana vimelea vya mwambani, na hawajui hofu ya kukamatwa kwa wavu. Siku moja unaweza kuona jike na dume wakisafisha jiwe kwa midomo, kisha mamia ya mayai ya chungwa yakiwa yamebandikwa hapo. Dume huyapepea kwa mapezi usiku na mchana kwa siku saba au nane, hadi yanapoanguliwa gizani baada ya jua kuzama. Siku moja kabla, ukisogeza uso karibu na kioo, unaona macho ya fedha ya watoto yakimetameta ndani ya kila yai.

Na anemoni? Miezi sita imepita, nitrati iko chini ya 10, chumvi haipandi wala kushuka, taa zinawaka saa nane hadi kumi kwa siku. Sasa unaweza. Kwa nyumba ninampendekeza Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake mara nyingi huvimba kama matone. Huyu hujigawa mwenyewe: mmoja anakuwa wawili, na wafugaji wengi wana watoto wa kugawiana. Kabla ya kumchukua mtazame mguu, usiwe na mchaniko. Mdomo uwe umefumba. Minyiri inate ikiguswa. Rangi nyeupe pe, ambayo dukani huvutia sana, ni ya anemoni aliyepoteza mwani wake, mwenye njaa, anayeelekea kufa. Ukimwingiza atatembea mpaka apate mahali anapopataka, na kwa siku hizo kila pampu ivikwe sponji, maana akivutwa ndani atakatwakatwa na tangi zima litachafuka. Mlishe kipande cha kamba kisichozidi ukubwa wa mdomo wake, mara moja au mbili kwa wiki.

Hata hivyo, hukumu yangu baada ya yote haya ni kwamba nyumba nyingi hazimhitaji. Baharini samaki huyu bila anemoni huliwa mara moja. Tangini hakuna wa kumla, na huishi vizuri, huzaa, hufikisha miaka 20 na zaidi akiwa amejichagulia chungu au kona ya jiwe kuwa kwake. Anayemhitaji anemoni ni mtazamaji. Na anemoni mkubwa aliyeng'olewa mwambani pengine ana umri wa miongo mingi. Akiondoka, samaki wote waliomtegemea wamekosa nyumba, na mwingine wa ukubwa ule hatarudi upesi. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, na wapo wavuvi wanaoishi kwa kazi hiyo kwa leseni na kwa uangalifu. Siwalaumu. Lakini muuzaji asiyeweza kukuambia anemoni wake ametoka wapi, usimpe fedha yako. Ndani ya hifadhi kama Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, au Chumbe huko Zanzibar, hakiguswi kitu, na hapo ndipo mahali pazuri zaidi pa kumwonyesha mtoto samaki huyu: kwa miwani, kwa macho yake mwenyewe, bila waya wala pampu.

Ukiamua kufuga, jiandae pia kwa siku ya kuacha. Watu huhamishwa kikazi, hufiwa, huishiwa. Siku hiyo mtafute mfugaji mwenzako umpe viumbe wako wote, hata kama itachukua mwezi. Usiwapeleke ufukweni na kuwaachia kwa huruma. Yule Nemo wa Asia si wa bahari hii, na ugonjwa alioupata dukani si wa bahari hii pia. Samaki simba, wenye miiba ya sumu, ambao asili yao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, walianza kuonekana Florida katika miaka ya 1980, wakiaminika kuwa wametoka kwenye matangi ya watu. Leo wamejaa Karibiani yote wakimaliza samaki wadogo wa huko, na hakuna aliyeweza kuwaondoa.